Sabuni Iliyoleta Kilio

Shindano letu la wanafunzi wa matangazo lilikuwa na sharti moja: kila tangazo litundikwe barabarani siku nzima, tuone kama watu watasimama. Mimi nilipewa sabuni ya mafuta ya ngazi, mchikichi kama wengine wanavyouita. Nikachukua picha ya shangazi yangu, ninayeishi naye, akitabasamu, nikaichapisha kubwa, na jina la sabuni nikaliandika chini, dogo, maana mwalimu alitukazania kwamba picha nzuri haihitaji maneno. Asubuhi nikaitundika kwenye kona ya avenyu yetu, Kampemba, nikafunga matawi mabichi ya ngazi kulia na kushoto.

Mjinga gani, tena mzaliwa wa Lubumbashi, hajui matawi hayo yanatangaza nini? Kwetu yakisimamishwa njiani pamoja na picha ya mtu, ujue kuna kilio.

Niliporudi kutoka chuoni, nilikuta lango wazi. Ua wetu ulijaa viti vya plastiki. Wanawake wamekaa chini, wanalia. Papo hapo shangazi mwenyewe akaingia kutoka sokoni, beseni kichwani. Jirani aliyemwona wa kwanza alipiga yowe akakimbia, kiatu kimoja akakiacha.

Nilingoja kofi. Halikuja. Shangazi alikuwa anawakagua waombolezaji, sura moja moja, mpaka ya mwisho.

“Na bale ba mu kanisa yangu,” akauliza polepole, “beko wapi?”

Hakuna hata mmoja wa kanisani aliyekuwapo. Shindano sikushinda. Shangazi alihama kanisa Jumapili ileile.