Jozi ya Nane
Kila asubuhi dada mmoja mwongoza watalii huingia hekaluni kwetu hapa Kyoto na wageni wake wanane, kibendera cha manjano mkononi, sauti imemkauka kwa kueleza yale yale. Wageni huvua viatu na kuvibwaga mlangoni kama wanakimbia moto. Yeye hupiga magoti, tena magoti yenyewe mabovu, akaigeuza kila jozi ielekee nje, ili mwenyewe akitoka atumbukize miguu tu. Mimi ninayekatisha tiketi, damu hunichemka.

“Kwani wao hawana mikono, mwanangu?”

“Ni wageni, shangazi,” hunijibu bila kuinua macho.

Juzi pande moja la mtu kati ya wageni wake lilikwenda kukalia kibaraza cha maua, mahali ambapo hata mkuu wa hekalu hathubutu kukaa, eti apigwe picha. Dada alipomwomba ashuke, likamshika kidevu.

“Usinune basi, mrembo!”

Dada akamwinamia mkuu wa hekalu, akaomba radhi yeye. Kisha akaja mlangoni, akapiga magoti. Jozi saba akazigeuza. Ya nane akaiacha vile vile, imetazama ndani. Nusura nipige makofi.

Na lile jitu? Lilivaa, likamshukuru, likaomba wapige picha pamoja.