Pikipiki ya Achieng' na hesabu niliyoficha

Mpaka sasa siamini. Leo asubuhi nilishika simu nimuulize Achieng' kama amekunywa maji, halafu nikakumbuka tulimzika Jumamosi.

Mimi si mtu wa kupost. Mliosoma na mimi mnajua naweza kumaliza term nzima bila kuinua mkono darasani. Lakini kuna kitu lazima niseme, na mdomo umekataa, kwa hivyo naandika.

Achieng' alikuwa deskie wangu, tuliketi dawati moja tangu Form One. Alizaliwa na sickle cell. Baridi ikimpata, mifupa inauma. Akikosa maji, inauma. Boda ikimrusha kwa mashimo, anashuka akichechemea.

Na huyo ndiye alitaka kuzunguka ziwa lote kwa pikipiki. Yawa.

Si boda, alisema, na si yale madude makubwa wageni hupita nayo wakielekea Uganda. Ya katikati. Ya kumtosha yeye, lami na matope.

Aliichora nyuma ya kitabu cha Physics. Gurudumu kubwa mbele, lipande mawe. Shock absorber ndefu, zimeze shimo kabla halijafika kiunoni. Kioo kirefu cha kuzuia upepo. Handlebar juu, ili akichoka kukaa aendeshe amesimama. Starter ya kubonyeza, kwa sababu kick ingemmaliza.

Tanki mbili: ya petroli, na ya maji ya kunywa, chini ya kiti. Kiti chenyewe kirefu, cha watu wawili, ingawa safari alisema ni yake.

Babake huchomelea mageti na keria za boda pale mtaani Manyatta. Vijana wa boda pale stage waliona mchoro wakamuuliza kama hiyo ni pikipiki ama ni lori la maji. Akawaambia, "Nyinyi bebeni watu. Mimi nabeba ziwa." Walicheka mpaka mmoja akamnunulia njugu.

Kazi yangu ilikuwa hesabu. Kwa karatasi siogopi mtu. Shida ni kwamba kila kitu cha kumkinga kilikuja na kilo zake. Kioo, kilo. Maji, kilo. Tulishusha betri, tukapunguza petroli, tukachagua bomba jembamba zaidi. Kilo zilikataa kushuka.

Achieng' alikuwa na sharti moja. Akianguka mahali hakuna mtu, aiinue mwenyewe. Alikuwa amechoka kuinuliwa.

Basi tukalaza boda kuukuu ya babake juu ya magunia. Akaipa mgongo, akashika handlebar na keria, akasukuma kwa miguu akirudi nyuma. Mara ya tatu ikasimama. Alikuwa anatetemeka mwili mzima. Akaniambia niandike.

Kesho yake hakuja shule. Nikajua hiyo ndiyo nguvu yote aliyokuwa nayo.

Mara ya mwisho nilimkuta wodini, drip mkononi, mchoro kwa magoti.

"Deskie, nikianguka nayo, nitaiinua?"

Hesabu nilikuwa nimeifanya mara tatu. Ikijaa maji, petroli na mizigo, ilikuwa nzito mara moja na nusu kuliko ile boda. Hangeweza. Hata siku yake nzuri hangeweza.

Nikamwambia, "Utaiinua," nikaandika kilo za uongo chini ya mchoro.

Akafunga macho. Akasema basi, hiyo tu ndiyo ilikuwa imebaki. Alituacha baada ya siku mbili.

Tulimpeleka kwao, ndani ya Kombewa. Mvua ilikuwa imenyesha na gari lililombeba likazama matopeni kabla ya boma. Tulisukuma, likakataa. Watu wakatoa jeneza wakalibeba mabegani, na wengine wakaingia chini yake bila kuitwa. Mimi nilishika kona. Kiatu changu kimoja kilibaki kwa hiyo barabara.

Baada ya mazishi babake aliniita kando. Alikuwa ameukunja mchoro, na kilo zangu chini yake, kwa mfuko wa koti. Akasema ataijenga vile ilivyo, hata kama ni polepole, na Adhiambo, mdogo wake Achieng', ndiye ataiendesha. Adhiambo ni mwembamba kama yeye. Halafu akaniangalia.

"Hizi hesabu zako ni za kweli, nyathina?"

Ananiita mtoto wake. Nikaitika kwa kichwa. Sasa nimedanganya mara mbili. Jumatatu anaanza kukata bomba.

Baba Achieng', najua Adhiambo atakusomea hii. Usikate bado. Kilo nilizoandika chini ya mchoro si za kweli. Nisamehe. Sikuweza kusema pale wodini, na sikuweza kusema kaburini.

Wengine wananiambia nilimpa amani. Sijui. Mimi naona kile kiti.

Nilimuuliza siku moja mbona ni kirefu hivyo na anaenda peke yake. Akasema, "Ni cha mtu wa hesabu." Mimi naogopa pikipiki. Nilicheka, nikabadilisha story.

Leo nimefungua daftari langu, lenye hesabu ya kweli. Niliweka maji, petroli, begi, hata spana. Mahali pa kuinua niliandika mtu mmoja. Nimefuta nikaandika wawili.

Inainuka, Achieng'. Tukiwa wawili inainuka.

Ungeniuliza tena ningekujibu: hapana, peke yako hutaweza, lakini nitashuka nikusaidie. Ni maneno machache tu, hata mimi ningeyaweza.

Oriti, kwaheri deskie. Lala salama. Usiinue kitu tena.