Asubuhi za Ekografi

Bado nazikumbuka kwa hamu asubuhi zile za hospitalini Goma. Daktari mmoja alikuwa akitafiti kwa nini baadhi yetu hatushiki mimba. Kabla ya ekografi, kile kipimo cha kupiga picha ovari tumboni, tulikunywa maji mengi, tukangoja kwenye benchi huku tumejibana. Mama mmoja mgonjwa mwenzetu, mchuuzi kutoka Butembo, alituchekesha makusudi.

“Mama, wacha! Tutakojoa hapa!” nilimsihi.

“Cheka tu, dada. Kwa mama mukwe hatuchekake.”

Daktari alinieleza kwamba mayai yangu hayakomai. Dawa zilinirudishia hedhi, lakini mtoto sikupata. Yule mama alijifungua binti, akaja naye kwangu, akanipakatisha kabla hata sijamkaribisha kiti.