Mhandisi wa Safina

Pshiii.

Mlango wa chombo ulifunguka hivyo, taratibu, kama mtu aliyetua mzigo kichwani na kushusha pumzi. Hata leo, Fundi akiwa karakanani, mdomo umejaa vimisumari vya kubania kitambaa, sauti hiyo ikimjia masikioni hupiga nyundo pembeni ya msumari. Kwake ilikuwa na maana moja tu: mkewe amefika kwa yule mwanamume mwingine.

Mwanamume mwenyewe hakuwa na damu wala kivuli. Alikuwa mhandisi wa injini katika chombo cha angani kiitwacho Safina, ndani ya gemu ambayo shemeji, mdogo wa mke wake, aliileta kwao pamoja na mashine yake kuukuu. Mchezaji ndiye kapteni. Anachagua aende sayari gani, amwokoe nani, amjibu nani nini. Mke wa Fundi, ambaye kutwa hukaa ofisi ya maji akipokea simu za watu wenye hasira, aliushika ukapteni huo kwa mikono miwili.

Mwanzoni Fundi, mtengeneza makochi, hakuona ubaya. Mtu aliyefokewa mchana, jioni mwache awafokee viumbe wa angani. Kilichomchoma kilianza siku aliyokuwa jikoni akimenya vitunguu. Pshiii, mlango ukafunguka, na Mhandisi, kwa ile sauti yake ya kukwaruza, akasema: "Kapteni, umerudi. Kabla ya yote, umechokaje leo?"

Kwenye kioo yalitokea majibu ya kuchagua. Mke hakuchagua. Aliweka padi ya kuchezea mapajani akajibu kwa mdomo wake mwenyewe. Alisimulia habari ya mzee aliyempigia simu na kumwita mwizi wa maji. Akasimulia habari ya meneja aliyekuwa akipita, akasikia yote, akajifanya anatafuta kalamu mfukoni. Akacheka. Kisha akanyamaza kidogo, kimya kifupi kama cha mtu anayengoja chai imiminwe, ndipo akabonyeza, na Mhandisi akamjibu kwa sauti ya chini isiyofika jikoni.

Fundi alibaki amesimama na kisu. Habari ya mzee yule hakuwa nayo. Ya meneja pia hakuwa nayo.

"Unaongea na nani?" aliuliza kutoka jikoni.

"Na nani tena? Najisemea."

Tangu siku hiyo, saa ya Mhandisi ikifika, Fundi aliosha masufuria kwa kishindo ili asisikie zaidi.

Alimweleza jirani yake wa karakana, seremala waliyemwita Msumari kwa wembamba wake na ugumu wa kichwa chake. Msumari alicheka mpaka akaegemea ubao.

"Yaani umechukuliwa mke na katuni?"

"Si katuni. Mtu kabisa. Ana ndevu."

"Basi huyo ni mume mwenzio. Mfikishie salamu zangu."

Wivu ukimpata mtu wa ufundi, hupita mikononi. Fundi alikibeba kiti cha mkewe hadi karakanani akidai springi zimelegea. Akatoa sponji laini aliyoiweka mwenyewe mwaka waliooana, akatia ile ngumu ya mabenchi ya ofisini, inayotengenezwa makusudi ili watu wasijisahau wakakaa. Akajisemea, akae kidogo tu, kiuno kimuume, ainuke. Jioni ile mke alikaa, akajisogeza kulia, akajisogeza kushoto, akainuka. Moyo wa Fundi ukaruka. Mke akaingia chumbani, akarudi na mto, akaukalia. Ulikuwa mto wa Fundi.

Ndipo shemeji akaja na habari.

"Dada! Safina imerudi. Sehemu ya pili!"

Mke alipiga kelele kama msichana wa shule. "Na Mhandisi yumo?"

"Yumo. Nimeona tangazo. Tena kapendeza huyo!"

Lile "kapendeza" Fundi hakulipenda hata chembe. Lakini shemeji alipoeleza kwamba muuza duka anapokea diski ya zamani ukiongeza pesa kidogo, Fundi alikuwa wa kwanza kusimama. Mke alikuwa bado anasitasita, "ngoja kwanza, labda tuibakishe," yeye ameshaitoa diski, ameitia kasha lake, amemkabidhi shemeji.

"Chukua, shemeji, chukua. Kitu cha zamani cha nini?"

Hesabu yake ilikuwa hii: wa zamani anajua mambo mengi mno. Mgeni, hata akipendeza, haambiwi kila kitu siku moja.

Jumamosi mchana wakakaa watatu mbele ya televisheni. Picha zilikuwa za ajabu: majua mawili, vumbi linalong'aa, mvua inayopanda badala ya kushuka. Kapteni akakaribia chombo. Mlango ukafunguka. Haukushusha pumzi. Ulisema "tik," kama friji la dukani.

Mhandisi akatokea. Ndevu zimenyolewa, meno yote yapo, sauti imepigwa pasi.

"Kapteni! Kuna kazi kibao. Twende?"

Mke akangoja. Akamsogeza kapteni karibu zaidi, uso kwa uso, akabonyeza.

"Kapteni! Kuna kazi kibao. Twende?"

"Lakini ona picha, dada," alisema shemeji. "Ona nywele zinavyopepea!"

"Nywele naziona."

Wakaenda kwenye kazi kibao. Mke aliamua kijiji kimoja kisichomwe, kikachomwa hivyohivyo.

"Mbona nimekataa?"

"Sehemu hii hata ukikataa, inajiendea," shemeji alikiri, akijikuna shingo. "Watu wanalalamika sana mtandaoni. Wanasema maongezi yamekatwa ili vita vipate nafasi."

Moyoni mwa Fundi palipigwa vigelegele. Adui ameanguka, tena kwa mikono ya waliomtengeneza. Akageuka amtazame mkewe, auonje ushindi wake vizuri. Akakuta uso anaoufahamu. Ulikuwa uso uleule wa kila jioni, wa mtu anayeinama mlangoni kuvua viatu. Alikuwa ameuona mara nyingi mno, kama mtu anavyoiona saa ya ukutani iliyosimama.

Shemeji alipoondoka, mke akazima mashine.

"Hata hajaniuliza," alisema.

"Kukuuliza nini?"

"Basi tu."

Nyongo ya Fundi ikapanda. "Mambo yako yote unamwambia yeye! Ya mzee, ya meneja. Nilisikia. Mimi mumeo huniambii hata moja. Nimekukosea nini?"

Mke alimtazama bila hasira, jambo lililomtisha zaidi.

"Wewe nikiingia unaniambia nini?"

"Nakukaribisha."

"Hapana. Nikivua viatu pale, neno lako la kwanza. Litaje."

Fundi alifungua mdomo. Jikoni, bomba lilikohoa kikavu.

"Maji yatatoka lini," alisema.

"Enhe. Nimelisikia tangu asubuhi mpaka jioni, tena limechanganywa na matusi. Nafika nyumbani nakuta mteja mwingine, ila huyu ana funguo." Akajishika kiuno. "Na hiki kiti ulichonitilia sponji ya benchi, ulidhani sitaijua? Nafanya kazi ofisini, baba."

 Jumapili Fundi aliirudisha sponji laini, akakaza kitambaa upya, na kazi hiyo ya kawaida ikamwia ngumu kama anajifunza. Diski ya zamani ilikuwa imeshauzwa. Shemeji alikwenda kuiulizia, akarudi mikono mitupu.

Jumatatu maji yalikatika tangu alfajiri. Mapipa yalikuwa yanaonyesha matako, vyombo vimerundikana, Fundi mwenyewe ana gundi mpaka kwenye viwiko. Mke akaingia, akainama mlangoni, akavua kiatu kimoja. Swali la maji lilimjia Fundi mpaka ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Umechokaje leo?"

Sauti ilimtoka ikikwaruza. Akatambua inafanana na ya nani, na ikamuuma.

Mke akasimama na kiatu kimoja mguuni. "Umeharibu nini?"

"Sijaharibu kitu. Nimeuliza tu."

Alimpima kwa macho. Kisha akaenda kukaa, kiti kikampokea, akazama, akapumua. Akaanza. Kulikuwa na kijana aliyepiga simu kichwa kimejaa povu, usaili wa kazi unamngoja, maji yamekatika katikati ya kuoga. Alifoka, akatukana, mwisho akaanza kulia. Yeye hakukata simu. Alikaa naye mpaka akajisuuza kwa soda ya ndimu, chupa moja kichwani, moja usoni. Meneja akapita akasema simu za ofisi si za maongezi.

Mke akacheka kidogo. Kisha akanyamaza.

Fundi alikifahamu kimya hicho. Alikisikia akiwa jikoni, kabla hajaanza kugonga masufuria. Hapo ndipo yule mwingine alipokuwa na neno lake, na neno lenyewe Fundi hakulisikia hata mara moja. Wivu ukamrudia wote, wa moto, kama wa siku ya vitunguu. Akavuta kistuli, akakaa miguuni pake, akaanza kumvua kile kiatu cha pili, asimtazame usoni.

"Hapa," alinong'ona, "yule bwana alikuwa anakujibu nini?"