Mwaka Tulioilaza Mashine kwa Maji ya Kisima

Enzi zetu, sisi tuliokulia Sur tukizungumza Kiswahili ndani na Kiarabu nje, kila nyumba yenye boti ilikuwa na siku yake ya kuilaza mashine. Kharifu, msimu wa pepo za kusi, ikishaingia na bahari ikachafuka upande wa Ras al Hadd, boti zilipandishwa nchi kavu na watu wakaenda bara kuvuna tende, miezi miwili au mitatu. Mashine ya boti haiachwi muda wote huo na chumvi tumboni. Gereji ya kuipeleka hapakuwapo, basi kila baba aliifanya kazi hiyo mwenyewe, uani kwake, na watoto ndio mafundi wasaidizi.

Baba yangu alikuwa karani siku za kazi na mvuvi siku za Alhamisi na Ijumaa. Tulitoka Unguja mimi nikiwa wa kubebwa. Alinifundisha kazi hiyo hatua kwa hatua, nami nitakuelezeni vilevile. Si kazi ngumu. Inataka subira tu.

Kwanza pipa. Mashine hufungwa kwenye ubao, mkia wake ukazama ndani ya pipa la maji, maji yakapita juu ya matundu ya kunyonyea. Ukiiwasha, huyanyonya maji, huyazungusha ndani ili ipoe, kisha huyatema nyuma kwa kijitundu kidogo. Baba akiyaita kojo la mashine, na sisi watoto tukicheka mpaka tukakaa chini. Iache ingurume dakika kumi, chumvi itoke. Halafu, ikiwa bado inanguruma, chomoa mpira wa petroli, ikohoe mpaka izime yenyewe. Petroli ikilala ndani hugeuka gundi. Fungua plagi, tia oili kidogo kila tundu, vuta kamba polepole mara tatu nne ili oili ienee, kisha rudisha plagi. Chini kuna skrubu ya oili ya gia: oili ikitoka kama chai ya maziwa, ujue maji yameingia. Mwisho ipake grisi, ifunike kitambaa kinachopitisha hewa, na uisimamishe wima. Tulisema kuilaza, lakini ole wako uilaze!

Na kabla ya hayo yote, Baba alikuwa na neno moja: "Onja. Macho hayaijui chumvi. Ulimi ndio unaoijua."

Maana kisima chetu cha uani kilikuwa na maji meupe, yanayong'aa, mazuri kuyatazama, lakini ya chumvichumvi. Maji matamu yaliletwa na gari, yakatiwa kwenye tangi la bati, na tangi hilo lilikuwa na mlinzi wake: Bibi, mama yake Baba.

Mwaka ule nilikuwa na miaka tisa. Mama alikwisha kutangulia Wadi Bani Khalid, huko bara kwenye mitende, na wadogo zangu. Baba alikwenda kununua plagi mpya, akaniambia nijaze pipa maji matamu, nionje, akirudi tuiwashe. Sijamaliza hata ndoo ya kwanza, Bibi akatokea.

"Wee! Maji hayo yanakwenda wapi?"

"Ya mashine, Bibi. Baba kasema matamu."

"Maji ya kunywa yaoshe chuma? Gari la maji leo siku ya tatu halijaonekana, jirani kaja kuomba ndoo nimempa nusu, wewe unamwaga pipa zima! Kisima hicho hapo. Sisi Unguja tumezaliwa na kisima, tumezaa na kisima, na hakijamdhuru mtu."

Bibi hakuwa na ubaya. Kwake kisima ni kisima. Hakuna bibi wa Kisuri ambaye angekosea hivyo, lakini Bibi alikuwa Sur miaka minane na hajawahi kuyatia maji yale mdomoni. Akiyachota kwa kuku na kwa kufulia tu. Nikachota kisimani, ndoo baada ya ndoo.

Baba akarudi jasho linamtiririka. Kila mwaka alikuwa akionja mwenyewe. Mwaka ule aliishika kamba, akanitazama.

"Umeonja?"

"Nimeonja."

"Matamu?"

"Matamu, Baba."

Akavuta kamba.

Kwa nini nilisema vile? Kwa sababu Baba na Bibi walikuwa wameshateta wiki nzima juu ya maji, na mimi sikutaka niwe sababu ya kuteta tena. Uongo ulikuwa mwepesi kuliko ndoo moja. Mashine ikanguruma, kojo likatoka, tukamaliza kila hatua. Bibi akatoa kanga yake kuukuu, tukaifunika, ikasimama kwenye pembe ya ukumbi kama mtu aliyegeukia ukutani. Siku mbili zilizobakia kabla ya safari sikupita ukumbini peke yangu.

Wenzangu mliokwenda bara msimu wa tende mnajua raha yake: kulala juu ya mikeka, tende za kwanza zinazopasuka mdomoni, wali na papa mkavu, binamu zetu wakijirusha kwenye mabwawa wakapiga kelele mpaka milima ikaitikia. Mimi mwaka ule nilikaa ukingoni. Maji matamu yalinipita miguuni mchana kutwa, yakaingia mifereji ya falaji, yakanywesha mitende, punda wakayanywa, hakuna aliyeyalinda. Nikawa nawaza: pipa moja tu la haya! Baba akiniuliza, "Mbona huogi?" nikasema nina baridi, kwenye joto lile la kukaushia tende.

Kilichonitisha hasa hakikuwa kupigwa. Baba alikwisha kusema kuwa tukirudi, yeye na Ami Nasor, jirani yetu, watakwenda kutafuta nguru nje ya Ras al Hadd. Huko mkondo ukikushika huna mashine, haukurudishi nyumbani.

Tukarudi Sur. Siku ya kwanza sikusema. Ya pili sikusema. Alhamisi asubuhi tukashuka sote mpaka ukingo wa khori, ule mkono wa bahari unaoingia mjini. Bibi kafunga mkate wa kumimina kwenye kitambaa, Ami Nasor yuko ndani ya boti na nyavu zake, Baba akavuta kamba. Mara ya tatu mashine ikawaka.

"Mashallah!" Ami Nasor akampigia Baba makofi. "Ya Khalfan, mashine yako imenona kuliko wewe!"

Wote wakacheka. Mimi nilikuwa natazama kojo. Lilitoka jembamba kama uzi. Likawa matone. Likakatika.

"Baba, zima!"

"Nizime? Ndiyo kwanza imewaka!"

"Zima, Baba! Sikuonja! Yalikuwa maji ya kisima!"

"Yalla, twende, Khalfan, mtoto anaota huyo," alisema Ami Nasor.

Lakini Baba alikwisha kugeuka. Akatazama nyuma ya mashine, akaweka kiganja juu ya kichwa cha mashine, akakirudisha upesi kama aliyegusa jiko. Akazima. Tukaibeba mpaka nyumbani.

Akaifungua uani, skrubu moja moja. Njia za maji zilikuwa zimejaa kitu cheupe, kigumu, kimeganda kama ukoko chini ya sufuria. Akakichokoa kwa waya, akanitia punje kiganjani.

"Onja."

Nikaonja. Chumvi, na kutu, na uchungu.

"Sasa umejua. Nani kakwambia uchote kisimani?"

Bibi alikuwa kasimama mlangoni. "Mimi," akasema. "Nilidhani kisima ni kisima." Akaenda mwenyewe, akachota kwa kopo, akanywa funda moja, akalitema mpaka likafika ukutani.

"Lo! Na haya ndiyo ninayowapa kuku?"

Baba akacheka. Alicheka sana, kuliko kichekesho chenyewe, na skrubu aliyotaka kuirudisha ikamponyoka mara mbili.

Siku hizi boti ni ya mpwa wangu. Mwaka jana alitafuta kwenye simu jinsi ya kuihifadhi mashine, akanisomea kwa makini kwamba aikinge na barafu. Sur! Mwezi wa sita! Nikamwambia, mwanangu, barafu ikifika hapa tutaihifadhi hiyo kwanza, mashine baadaye. Nikamwonyesha: pipa, mpira wa petroli, plagi, oili. Akajaza kwa bomba, bila mlinzi, bila kugombana na mtu.

"Umeonja?"

"Shangazi, maji ya bomba haya!"

Bibi na Baba wote wako chini ya mchanga, na kisima kimefukiwa. Hakuna tena wa kunizuia wala wa kuniuliza. Nikachovya kidole, nikaonja. Matamu. Akaiwasha. Nikasimama pale pale, moyo unapiga kama wa mtoto wa miaka tisa, na sikuondoka mpaka nilipoliona kojo linatoka nene.