Meko Manne, Stakabadhi Moja

Siku yangu ya kwanza ya ukarani, bomani Tukuyu, enzi za Mwingereza, Karani Mkuu alitazama mwandiko wangu akasema, "Kuku wangu huandika hivi akitafuta mchwa." Nilikuwa nimeishia darasa la nne, sikubisha. Hata haya sina hakika kama nayapanga sawa.

Baadaye nikahamishiwa Kyela, kuhesabu kodi ya nyumba. Tulihesabu kwa meko: jiko moja, kodi moja. Waliopika chungu kimoja walikuwa nyumba moja, hata wakilala vyumba vinne.

Akaja Mama Sekela, mfinyanzi Mkisi wa Matema. Kwa fedha ya vyungu vya miaka mingi alitaka kununua nyumba ya vyumba vinne karibu na soko, apangishe wachuuzi wa mpunga. Muuzaji alikuwa amempa stakabadhi yake ya kodi.

"Nisomee, mwanangu. Kwa mwaka boma linataka ngapi?"

Nikasoma: kodi moja. Akashukuru, "Ndaga, ndaga," akaenda zake. Kesho yake angemlipa muuzaji.

Jioni nikamsimulia Karani Mkuu, aliyekuwa amekuja kukagua vitabu.

"Mle anakaa nani?" akauliza.

"Mwenye nyumba na wadogo zake."

"Wanapika wapi?"

"Pamoja, bwana."

"Na wapangaji wasiojuana, nao watakula chungu kimoja? Umemsomea kodi ya muuzaji. Ya kwake haijaandikwa bado!"

Kulipopambazuka nilikimbia hadi kwa muuzaji, nikamkuta mama keshafika. Nikaeleza mbele ya wote wawili: vyumba vinne, meko manne, kodi nne.

"Karani, unaniharibia biashara! Nimedanganya nini mimi?" muuzaji akafoka.

Kwa haki, hakudanganya. Kodi yake ilikuwa moja kweli. Mimi ndiye niliyesoma bila kuuliza.

Mama Sekela akapanga kokoto chini: pango la vyumba huku, kodi nne kule. Akacheka. "Kumbe pango la chumba kimoja lote ni la boma! Haya, baba, punguza bei, au baki na wadogo zako."

Muuzaji akapunguza, si sana. Mama akanunua.

Nimestaafu nikiwa karani wa kawaida. Vijana wakiniletea stakabadhi ya nyumba wanayoitaka, nawauliza kwanza nani anakaa mle. Watu husema nilimwokoa yule mama. Sijui. Ninachokumbuka ni leso yake asubuhi ile: fundo la fedha alikuwa ameshalilegeza.