Maneno Marefu ya Daktari

Ugonjwa wa Obedi ulianzia kwenye salamu. Kwa Waha salamu si kitu cha kurushiana njiani huku mtu anakwenda zake. Unasimama, unapiga makofi taratibu, unaulizia watoto, mbuzi, maharage na mvua, kisha mwenzako anaanza upya kukuulizia wewe. Obedi, mkulima wa upande wa Mtabila, nje kidogo ya Kasulu, alikuwa bingwa wa salamu hizo. Ghafla akaanza kuzikatiza. Mtu hajafika kwenye mbuzi, yeye keshageuka anatafuta mgomba wa kujificha. Na akishajificha, mkojo wenyewe hautoki: unadondoka, unasita, unadondoka tena. Kijijini wakasema mzee amepata kiburi tangu aoe mke mdogo.

Mke mwenyewe ni Yusta, wa Buhigwe. Mume wake wa kwanza alimrudisha kwao kwa kosa la kutozaa, na ndugu za mume wakamsindikiza kwa maneno ambayo mtu hawezi kumwambia hata mbwa wake. Obedi alikuwa amefiwa na mke, watoto wake wakubwa, wana miji yao. Alimwoa Yusta bila kumwuliza lolote, na mwaka haukuisha, Yusta akashika mimba. Ilitoka ikiwa changa. Yusta alilia sana, lakini baada ya kilio kile alitembea kichwa juu, maana sasa alijua kuwa tumbo lake halina kasoro. Akawa hana ombi jingine kwa Mungu wala kwa mumewe ila mtoto mmoja tu. Obedi alimwahidi kwamba atampata.

Kwa hiyo alipokwenda kutibiwa Kasulu, alikwenda na ahadi hiyo kichwani. Daktari wa pale, mama mmoja mpole aitwaye Rabia, alimpima akamwambia ni tezi dume. Si saratani, alisema, ni tezi tu iliyokua kwa umri hadi ikabana njia ya mkojo. Akampa vidonge vya kuilegeza njia, akamwonya asiinuke kwa haraka. Mkojo ulitoka vizuri, lakini Jumapili kanisani mchungaji aliposema tusimame, Obedi alisimama kama wenzake, dunia ikazunguka, akaangukia kwenye mapaja ya mama mchungaji. Akabadilishiwa. Vidonge vya pili vilikuwa vya kuipunguza tezi yenyewe, polepole, kwa miezi, na daktari hakumficha kwamba vinaweza kumpunguzia hamu ya mke. Vilimpunguzia kweli. Obedi akavitupa chooni vyote, vya kwanza na vya pili.

"Bora mkojo unisumbue," alimwambia Yusta. "Nisije nikapona huku chini nikawa bibi."

Wakacheka wote wawili. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kuucheka ugonjwa ule.

Msimu wa maharage alipeleka mzigo wake Kibondo, akafikia kwa mwanawe Crispin, ambaye ni dereva wa lori. Crispin alikuwa njiani kuelekea Nyakanazi, nyumbani yupo mkewe, Veronica. Usiku uleule mkojo wa Obedi ukaziba kabisa. Asubuhi tumbo limemjaa, jasho linamtoka, hawezi kusimama wala kukaa, na wa kumpeleka hospitali ni mkamwana peke yake. Wakamwekea mpira, mkojo ukajaza mfuko, roho yake ikarudi. Lakini sasa huo mfuko nani aumwage? Veronica aliumwaga, ameangalia pembeni, na Obedi ameangalia ukuta. Kwa malezi yao mkamwana hata jina la baba mkwe halitamki, achilia mbali kushika mkojo wake. Obedi alitamani ardhi ipasuke immeze, na kitanda chake pia.

Ndipo akaja daktari wa upasuaji, kijana wa mikoa ya mbali, muungwana, ila anaongea kama redio. Kiswahili cha Obedi kilikuwa cha sokoni. Kilimtosha kuuza maharage na kukataa bei mbaya. Daktari akaona mzee anapotea, akamwomba Veronica atafsiri kwa Kiha.

Alisema kuna njia mbili. Mzee anaweza kukaa na mpira kwa muda, ajaribu vidonge vya aina zote mbili kwa pamoja, aone kama njia itafunguka. Au apasuliwe, tezi ipunguzwe, amalize. Veronica alitafsiri vizuri, neno kwa neno. Kisha daktari akaendelea na madhara ya upasuaji. Damu kwenye mkojo siku za mwanzo, Veronica akatafsiri. Mkojo kumponyoka kwa muda, akatafsiri hilo pia, kwa sauti ndogo. Halafu daktari akaanza kusema jingine, akasema kwa kirefu, akionyesha kwa mikono jinsi kitu kinachotakiwa kwenda mbele kitakavyorudi nyuma, na mwisho akauliza kama mzee bado anahitaji watoto.

Veronica aliikunja ncha ya kanga mkononi, akaikunjua.

"Baba," alisema kwa Kiha, "daktari anasema utachukua muda kidogo kupona."

Maneno ya daktari yalikuwa marefu, ya Veronica mafupi. Obedi aliliona hilo. Hakuwa mjinga, na ile mikono ya daktari aliiona. Lakini alijua vilevile kwamba mazungumzo yameshuka mahali ambapo yeye na mkamwana hawawezi kwenda pamoja, na moyoni akamshukuru Veronica kwa adabu yake. Tena akafikiria kuwa akichagua mpira, binti wa watu ataendelea kumwaga mfuko ule siku baada ya siku.

"Mwambie anipasue," alisema.

Upasuaji ulikwenda vizuri kabisa, hilo lisemwe. Obedi alirudi kwake anakojoa kama kijana, na nguvu za kiume zikarudi salama. Ila kila alipokuwa na Yusta, mwishoni hakitoki kitu. Alisubiri, akidhani ndio ule muda wa kupona. Mvua za kwanza ziliponyesha alikwenda peke yake kwa daktari Rabia, akajieleza kwa Kiswahili chake.

"Namaliza, lakini ni pakavu."

"Si walikueleza kabla ya kupasuliwa?" aliuliza daktari. "Mbegu zinarudi kwenye kibofu, unazikojoa. Hazina madhara."

"Na mtoto?"

Daktari aliweka kalamu chini. Alisema kwa njia ya kawaida itakuwa vigumu sana, karibu haiwezekani. Kwenye hospitali kubwa za mbali wanaweza kujaribu kuzitafuta mbegu hizo, kwa gharama. Akarudia swali lake, kama walimweleza.

"Walinieleza," alisema Obedi.

Alipanda gari hadi Kibondo, kifua kinawaka, kwenda kumkaripia Veronica. Veronica alipiga magoti akamsalimia salamu nzima, akampa maji ya kunawa, akamwekea ugali na samaki wa migebuka. Obedi alikula. Alitafuta pa kuanzia hasira yake, hakupaona. Amwambie nini? Kila neno la kumlaumu lilikuwa lilelile ambalo Veronica alishindwa kulitamka. Akala, akashukuru, akarudi Kasulu na hasira yake yote.

Na kwa Yusta? Hapo hakuna adabu ya kusingizia. Mke ni mke, anaelezwa. Obedi aliogopa tu. Alijua kwa nini mwanamke yule alimkubali mzee kama yeye, na akaona kuwa mdomo wake ukifunguka, nyumba imekwisha. Yusta akaanza kujitilia shaka upya. Akatafuta majani ya kusafisha kizazi, machungu ya kutapisha, akawa anayanywa kila asubuhi kabla ya kula, na Obedi, mume mwema, anamshikia kikombe.

Msimu mwingine wa maharage, Veronica alikuja kusaidia kuvuna. Jioni moja Yusta akatoka chumbani na begi lake. Hakuwa na hasira.

"Naenda kwetu, baba," alimwambia Obedi. "Umenitunza, ila waliyoyasema wale ndugu wa mume wangu wa kwanza yalikuwa kweli. Tumbo langu ni bovu. Tafuta mwingine."

Veronica aliinamia ungo wa maharage. Obedi alimwangalia, akasubiri. Veronica hakuinua uso.

"Si tumbo lako," Obedi akasema. "Ni mimi. Waliponipasua, mbegu zangu ziligeuzwa njia. Zinakwenda kwenye mkojo."

Aliyasema hayo mbele ya mkamwana wake, kwa Kiha safi. Veronica alifunika uso kwa kanga, akatoka mbio.

Yusta aliweka begi chini. "Umejua lini?"

"Tangu mvua za kwanza."

"Na ukawa unanishikia kikombe."

"Nilikuwa nakushikia."

Yusta alitikisa kichwa taratibu. "Nilikuwa naondoka kama mwizi, kwa njia ya nyuma. Sasa nitapita mbele, na kwetu nitawaeleza kwamba mimi ni mzima."

Akachukua begi, akapita mbele, kichwa juu kama wakati ule. Obedi alimfuata hadi barabarani. Alisimama pale hadi Yusta akapotea kwenye kona.

Akapita jirani yao Safina, kabeba majani ya mbuzi. Akatua mzigo, akaanza kupiga makofi. Akaulizia mbuzi, akaulizia maharage, akaulizia mvua. Obedi alijibu yote bila kukatiza, na mkojo haukumsumbua hata kidogo.

"Na mama hajambo?" aliuliza Safina.

"Hajambo," alisema Obedi. "Yeye ni mzima kabisa."